Kulia Ndiko Kwenye Haki

Kaka, amahoro. Na kwa shemeji na jirani zake Wanyamwezi, mwangaluka.

Baridi na kazi mmeshazisikia, naziruka. Ila juzi, kwenye ofisi ya leseni huku Iowa, kompyuta ilinihoji kama mgambo. Mmefika njia panda pamoja, yenye vibao vinne vya kusimama. Mwenzako yuko upande wako wa raiti. Nani mwenye raiti?

Nikaitazama, ikanitazama. Mimi, niliyekuwa nawasomea wazee barua za Kiingereza za kampuni ya tumbaku huku nimekunja nne! Raiti ni kulia. Raiti ni haki. Raiti ni sahihi. Raiti ni sasa hivi, tena ni “haya, nimekusikia”. Jibu lenyewe, msije mkadhani natania, ni kwamba aliye kulia ndiye mwenye haki. Wa kushoto anangoja.

Na kanuni hiyo wanaishika! Saa sita za usiku, hakuna trafiki, hakuna hata mbwa, mtu anasimama, anachungulia, ndipo anakwenda. Anayetangulia kufika anatangulia kuondoka. Wakifika wanne kwa mpigo, kila mmoja anampungia mwenzake mkono apite, hakuna anayepita, adabu imefunga barabara. Kwetu jambo hili lilishakwisha zamani: linapita lori la tumbaku, linafuata basi, halafu bodaboda isiyo na taa, ambayo kwa kweli ilishapita.

Lefti nayo? Lefti ni kushoto. Lefti ni aliyeondoka, kama mjomba alivyoleft grupu la ukoo ulipotajwa mchango wa harusi. Lakini chakula kilichobaki sufuriani nacho ni lefti. Kwa hiyo mimi niliyeondoka ni lefti, na mama aliyebaki anachambua tumbaku ni lefti. Hapo niliiacha kompyuta kidogo, nikajisingizia mafua.

Mkufunzi wangu wa udereva, mama mmoja mpole, naye kachoka. Nilimwambia mbele kuna kipilefti. Akapiga kelele, “Hapana, kulia!” Nikamweleza kwamba kipilefti ni jina la kitu, kile kiduara cha katikati ya barabara, nasi tumelitoa kwenye kibao chao wenyewe. Akauliza, kibao kilikuwa kinasemaje? Pita kushoto. Na wewe unakiita hivyo hata ukipita kulia? Ndiyo. Alinyamaza mpaka taa nyekundu, ambapo huku, ukishasimama kwanza na pasipo kibao cha kukataza, unaruhusiwa kukata kulia. Nyekundu, kaka!

Msinicheke lakini. Kamusi kubwa ya Oxford ilimpa mhariri wake, Peter Gilliver, kitenzi kimoja tu cha kukimbia, run. Alitumia miezi tisa, akatoka na maana 645. Shemeji anajua miezi tisa ilivyo mirefu, na yeye alitoka na mapacha tu. Kwa Kiingereza pua yenye kamasi inakimbia, friji iliyotulia ukutani inakimbia, mtu akitaka urais anakimbia. Wa kwetu anagombea, na mara nyingi ni kugombea kweli.

Nikamtambia mkufunzi kwamba Kiswahili hakina vurugu hizo, kila neno na kazi yake. Ndipo ujumbe wako wa sauti ukafunguka ndani ya gari: mbolea imepanda, mahindi hatujapanda, nauli ya Tabora imepanda, mzee kapanda pikipiki ananisubiri njia panda. Akaniomba nimfafanulie. Nikamwambia aangalie barabara.

Bani la pili la kukaushia tumbaku mmeshaliezeka? Jirani hapa akichoma kuni zake nyuma ya nyumba, natoka nje na koti juu ya pajama, najifanya naangalia sanduku la barua, kumbe nanusa moshi wa nyumbani.

Ijumaa ni mtihani wa barabarani. Waambie wanakwaya waniombee, na zaidi wamwombee atakayefika upande wangu wa kulia. Nikifaulu nanunua kigari. Mjomba asirudi kwenye grupu kwa sababu hiyo tu.