Heshima kwa X Nyekundu

Katika soko la viwanja na nyumba la Dar es Salaam yuko msema kweli mmoja tu, na hata mdomo hana. Ni ile X nyekundu inayopigwa ukutani na watu wa serikali wenye kopo la rangi na brashi, kabla ya katapila kufika. Wenye nyumba wanaichukia, wapangaji wanaihama, na magazeti huikumbuka siku ya vilio. Haijatendewa haki. Hebu wapange mstari mmoja wote wanaomzunguka mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza: dalali, muuzaji, mashahidi wa muuzaji, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, na mwanasheria aliyeletwa na dalali huyohuyo. Kila mmoja ana chake cha kupata mauziano yakifanikiwa. X haipati hata senti. Haina asilimia, haidai hela ya usumbufu, wala haijui kama mnunuzi ana mkopo au kiinua mgongo. Shahidi wa namna hiyo mahakamani angepigiwa saluti. Mtaani tunamwita balaa.

Ubora wake unaonekana zaidi ukiisikiliza lugha ya wapinzani wake. Dalali anasema nyumba iko dakika tano kutoka lami. Anasema mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu, kwa hiyo toa kishika uchumba leo, hata kama jina kamili la mwenye nyumba bado hujalijua. Mkataba unaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya mistari, unapigwa mhuri wa serikali ya mtaa, na mnunuzi anaukunja kwa adabu kama cheti cha ndoa. Mhuri huo una ukweli wake: unathibitisha kwamba watu fulani walikutana siku fulani na fedha zikabadili mikono. Kwamba aliyezipokea alikuwa na kitu cha kuuza, hilo mhuri haujui, na hakuna aliyeuuliza. Anayejua ni daftari la msajili wa hati, ambako upekuzi unafanywa kwa ada ndogo kuliko nauli za kuzungushwa na dalali. Kama kiwanja hakijapimwa na hakimo kwenye daftari, anayejua ni afisa mipango miji, mwenye ramani inayoonyesha kama hapo pamepangwa nyumba, shule, eneo la wazi au barabara. Lakini kwenda huko ni kupanga foleni na kuambiwa urudi Jumatano. Mnunuzi anayeogopa foleni atahudumiwa na X, tena nyumbani kwake, bila foleni.

X ni mwalimu wa sheria pia, na somo lake halisahauliki. Kabla ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka huo ikaifikisha mita 30. Wangapi wangeyajua hayo kwa kusoma? Rangi iliyafafanua vizuri: X nyekundu ni kwa aliyeifuata barabara, naye halipwi, X ya kijani ni kwa aliyefuatwa na barabara ndani ya zile mita zilizoongezeka, naye anastahili fidia. Sura nzima ya sheria imebanwa katika mistari miwili na rangi mbili. Aliyekariri mita 30 na kudhani amehitimu alikutana na somo la juu mwaka 2017 kwenye Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, ambako nyumba zilibomolewa ndani ya mita 121.5 kila upande. Kumbe barabara hazilingani, na futi ya fundi haitoshi. Anayepaswa kuulizwa ni wakala wa barabara, kabla ya kulipa. Mabondeni nako kuna mtaala wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mto Msimbazi ulilisema jambo hilohilo kwa ukali zaidi Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu na serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande. Walio wengi walielewa, kisha bei ya bondeni ikashuka, na bei ikishuka daima kuna mnunuzi wa kwanza anayedhani amebahatika. Mwishoni mwa 2015 X zikarudi Jangwani na Mkwajuni kurudia somo.

Wakosoaji watasema X inachelewa. Mtu amejenga, amevutiwa maji na umeme, na tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU yake anaponunua umeme. Leo ndiyo serikali inagundua kwamba nyumba hiyo haikupaswa kuwapo? Hoja ni nzito, nami naijibu kwa heshima zote. Kwanza, mkono unaokata kodi na mkono unaoshika brashi ni wa idara tofauti, na si ustaarabu kuwalazimisha watu wa idara tofauti kuzungumza. Pili, na hili ndilo kubwa, X inahitaji ukuta. Huwezi kuichora juu ya pori, wala kwenye mkorosho, wala hewani juu ya kiwanja kitupu anachoonyeshwa mnunuzi Jumamosi asubuhi. Ili serikali ikwambie usijenge, sharti kwanza ujenge. Anayeona utaratibu huu umepinduka anaweza kuishauri serikali ichomeke vibao mabondeni na kando ya barabara kabla ya madalali kufika, lakini ajue atakuwa anaivunjia heshima rangi.

Pingamizi la pili ni kwamba X haijui kila kitu, na hapa lazima nikubali. Oktoba 2023 huko Athi River, nchini Kenya, nyumba zilibomolewa kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Waliobomolewa walikuwa wanunuzi. Karatasi za kununulia walikuwa nazo. Kilichokosekana ni muuzaji mwenye haki ya kuuza, na kasoro hiyo haiwezi kuonwa ukutani na mtu yeyote. X ina staha pia, haiingilii mambo ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini mume akiuza wakati mke yuko Tanga msibani, ukuta utabaki mweupe hadi mama arudi na mabegi yake. Vivyo hivyo kwa mirathi. Kijana anauza nyumba ya marehemu baba yake na ndugu wanne hawana habari. Bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, mnunuzi amenunua kesi yenye madirisha. Kwa mambo haya ya kifamilia mitaa yetu imebuni maandishi mengine, yale ya NYUMBA HII HAIUZWI, yaliyoandikwa na mtu aliyewahi kurudi safari akakuta nyumba yake inapimwa na wageni. Nayaheshimu, lakini nayaweka nafasi ya pili, kwa kuwa hata tapeli anaweza kuyaandika kwenye nyumba ya jirani.

Linabaki pingamizi la mwisho, la watu wa vitendo: X inafutika. Muuzaji mwenye akili hununua ndoo moja ya rangi, akapaka, na mnunuzi akaletwa jioni wakati jua limepoa. Ni kweli. Ila muuzaji wa aina hiyo mara nyingi ni mbahili, hawezi kupaka nyumba nzima kwa ajili ya alama moja. Kwa hiyo ukienda kutazama nyumba, mwache dalali akusifie vigae vya sebuleni, wewe toka nje uizunguke mchana kweupe. Ukuta unaotazama barabara au mto ukiwa mpya na kuta tatu zilizobaki zimechakaa, uliza rangi ile ilinunuliwa lini, na kishika uchumba kibaki mfukoni.