Gari la Padre

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililopita umri wa miaka minane kuingizwa nchini kutoka ng'ambo. Haisemi lolote kuhusu yaliyozeekea humu humu, na ndiyo maana Isiolo hatujapungukiwa na pikapu. Simama kando ya barabara asubuhi yoyote utaziona zikipita: Hilux za namba za KA, herufi zilizoanza 1989 na kumalizika 2007, zimepakwa rangi juu ya rangi, zimekazwa kwa waya, zimebeba mbuzi, magunia ya makaa na kijana mmoja anayezuia mbuzi wasile magunia. Zote zimefikisha umri wa kupiga kura, na baadhi zinaweza kugombea kiti.

Nami nikataka moja. Broka aliyenipokea aliniapia kwamba pikapu aliyonionyesha ilikuwa ya padre. Wiki hiyo nilikuwa nimeshaonyeshwa nyingine kadhaa, na zote zilikuwa za padre isipokuwa moja iliyokuwa ya sista. Kwa hesabu za mabroka wetu, kila padre wa kaskazini huendesha magari mawili kwa wakati mmoja. La ajabu, hakuna hata moja iliyowahi kubeba miraa, ilhali Maua haiko mbali na miraa hushuka kutoka vilima vya Nyambene kila siku kwa pikapu hizi hizi, dereva akikanyaga mafuta mzigo usije ukanyauka. Wala hakuna iliyowahi kuonja barabara ya Marsabit kabla ya lami, ile iliyokuwa ikilegeza nati za gari na meno ya abiria.

"Tazama rozari," broka akasema, akinionyesha kwenye kioo.

Nikaitazama. Kisha nikainama nikachungulia chini ya kiti. Palikuwa na majani ya mgomba yaliyokauka, yale yanayofungiwa miraa.

"Padre alikuwa akipenda ndizi," akasema bila kupepesa macho.

Akafungua boneti upesi. "Injini ni 5L, mwalimu. Lita tano!" Sasa, Toyota walipoandika 5L hawakumaanisha lita tano, ni lita 3. Na ile 3L ni lita 2.8. Hata hivyo iliyokuwa mbele yetu ilikuwa 3L, imeandikwa kwenye chuma. Nikamweleza yote mawili. Akafikiri kidogo. "Basi utaokoa mafuta," akasema.

Nilikuwa nimeandamana na jirani yangu, mzee aliyefuga ngamia maisha yake yote, maana kwetu mtu hanunui kitu chenye miguu minne peke yake. Aliikagua pikapu vile anavyokagua ngamia mnadani: akaizunguka polepole, akaipiga kofi kiunoni, akachuchumaa kusoma umri wake kwenye meno ya tairi.

"Inakunywa?" akauliza.

"Dizeli, mzee."

"Kila siku?"

"Kila ikitembea."

"Ngamia hukaa zaidi ya wiki." Akatema mate kando, akamgeukia broka: "Punguza."

Kwa hoja hiyo moja bei ikashuka shilingi 40,000. Broka hakuwa na jibu. Nani ana jibu?

Ikabaki logbuku. Siku hizi uhamisho wa umiliki hufanyika mtandaoni: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali. Lakini anayeanzisha sharti awe yule mwenye jina kwenye logbuku, na pikapu ya KA hupita mikono mingi, kila mnunuzi akiridhika na karatasi ya makubaliano iliyotiwa saini juu ya boneti. Padre wetu hakuwemo. Aliyekuwemo ni mfanyabiashara wa Maua. Nilipompigia simu na kumsomea namba, alinyamaza.

"Bado inawaka?" akauliza.

Nilipomwambia inawaka, akacheka, akawaita waliokuwa karibu naye waje wasikie. Alikuwa muungwana lakini. Alianzisha uhamisho jioni hiyo hiyo, na akanipa maelekezo ambayo kiwanda hakikuyaandika: mlango wa dereva hufunguliwa kwa nje kupitia dirishani, gia ya pili huingia ukiipitia ya tatu, na usiegeshe kamwe pasipo mteremko.

Habari za rejeta hakunipa. Isiolo iko chini, na ukitaka kwenda Nanyuki lazima uupande mlima hadi Subuiga, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Pikapu ilipanda kwa heshima mwanzoni, kisha kwa manung'uniko, kisha mvuke ukafunika kioo chote cha mbele. Kabla sijasimama vizuri, mpwa wangu aliyejitolea kuwa utingo alikwisha ruka nyuma na kusukuma jiwe chini ya gurudumu. Jiwe hilo lilikuwa kwenye bodi tangu siku ya ununuzi, na nilikuwa nimepanga kulitupa. Kumbe ndiyo breki ya mkono.

Wachungaji wawili wakaja na kibuyu cha maji. Waliisalimia pikapu kwanza, kisha sisi.

Mjini nako ilijulikana kuliko mimi. Alfajiri akina mama wa maziwa ya ngamia walibisha hodi, mitungi yao ya njano imepangwa mlangoni, kwani lazima iwahi basi la Nairobi maziwa yafike Eastleigh yakiwa mazima. "Hii ndiyo hutupeleka stendi," wakasema, kwa sauti ya wanaodai, si wanaoomba. Shemeji akahama kutoka Kulamawe kwenda Bula Pesa, akagombana na mwenye nyumba, akahama kurudi Kulamawe. Msikiti ukahitaji mchanga. Harusi ikahitaji sufuria, na sufuria zikahitaji kurudishwa. Kila mmoja aliahidi mafuta. Ahadi zile zingejaza tangi likamwagika. Tangi lenyewe halikuwahi kuvuka robo.

Siku moja akaja padre, padre wa kweli, mwenye kola. Alitaka kubeba viti vya kanisa. Nikamwuliza kama pikapu hii iliwahi kuwa yake.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Lakini nimeiazima sana." Akanyoosha mkono dirishani, akaitoa rozari kwenye kioo. "Nilikuwa naitafuta hii."

Kwa hiyo ukija Isiolo kununua pikapu ya miaka mingi, usihangaike na kilomita. Mshale wa yangu uligoma zamani na hakuna ajuaye ni wapi. Mwache fundi aangalie kama shasi imechomelewa, kama moshi ni wa buluu, maana hiyo inakula oili, na kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameshapita gasketi. Hayo yana spea na yana bei. Wewe mwulize muuzaji ni akina nani walikuwa wakiiazima, kwa sababu hao utawarithi wote, na mizigo yao, na madeni yao ya mafuta. Akikuapia kwamba haijaazimwa hata siku moja, shika pesa zako urudi nyumbani: hiyo haijawahi kuwaka.