Mzee, Hilo Gunia Unauza?

Mwalimu akistaafu Thika anaruhusiwa kufuga kuku, kuwa mweka hazina wa kamati ya kanisa, au kununua ploti Ruiru. Hakuna kitu kingine. Serikali ilisogeza umri wa kustaafu kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, nadhani ili tupate muda zaidi wa kutafuta pesa za hiyo ploti. Mimi nilifundisha hesabu hadi kengele ya mwisho, kisha nikatangaza nyumbani kwamba nataka kujifunza kushona mifarishi ya viraka. Mke wangu aliniuliza kama nimepima presha.

Fundi aliyekubali kunifundisha anakaa Ruiru, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Majirani waliponiona napanda matatu ya Ruiru kila mara nikiwa na futi ya kupimia mfukoni, walipiga hesabu wenyewe. Broka mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, akanipigia simu.

"Mwalimu, shikamoo. Nasikia unatafuta. Nina hamsini kwa mia, karibu na bypass, stima na maji viko."

Nikamwambia kwamba mimi hufuata viraka tu.

Akanyamaza kidogo. "Hakuna shida, mwalimu. Hata kipande kidogo tunaweza kukukatia."

Nakubali kwamba ukiitazama safari yenyewe, inachekesha. Ruiru kuna kiwanda cha mablanketi. Thika nako, mji ambao wazee waliuita Birmingham ya Kenya, mitambo ya Thika Cloth Mills ingali inafuma vitambaa. Katikati ya mashine zote hizo kuna mzee amekaa kwenye kigoda, anakata shati zima vipande vipande ili apate kuviunganisha tena. Nikimweleza mtu jambo hilo kwa sauti, hata mimi nashindwa kujitetea.

Ila kazi yenyewe ina utamu wake. Mfarishi una tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, bitana chini. Kisha unapitisha mishono inayopenya zote tatu, la sivyo pamba itahamia kona moja na kukuacha na baridi. Hesabu zake nilizipenda mara moja. Kiraka cha inchi 4, ukitoa robo inchi ya mshono kila upande, kinabaki inchi 3 na nusu. Kwa hiyo viraka 20 mfululizo havikupi inchi 80, vinakupa 70. Niliwaeleza akina mama wa darasa letu jambo hili nikiwa nimesimama, kwa mazoea. Wote wakaandika. Fundi, ambaye hakuandika, akavuta kiti cha cherehani na kusema, "Haya mwalimu, sasa shona."

Pembetatu zangu ziliingia chini ya sindano zikiwa kamili na kutokea upande wa pili zikiwa na maoni yao. Kitambaa ukikikata mshazari kinanyumbuka, na kikinyumbuka hakijali rula ilisema nini. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba pembe za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180. Kitambaa cha fulana hakikuhudhuria somo hilo.

Malighafi natoa kwenye mitumba ya Makongeni. Beli likifunguliwa, kila mteja hukimbilia kamera, yaani nguo bora zaidi. Mimi huja jioni kuulizia fagia, yaani mabaki. Muuzaji wangu alivumilia mwanzoni. Nilikuwa nakagua migongo ya mashati bila kutazama kola wala saizi.

"Mzee, hiyo ni ya mama."

"Najua."

"Na imechanika kwapa."

"Haidhuru."

Akanitazama kwa muda, akanifungia, kisha akaniongezea sweta na soksi za bure, na kuniambia Mungu yupo.

Kwenye matatu, makanga aliamua kwamba gunia langu la nguo lilipe kiti. Nililipa. Kabla hatujafika Juja, mama aliyekaa nyuma yangu alikuwa ameingiza mkono guniani na kuchomoa blauzi ya maua yenye mkono mmoja, mwingine nikiwa nimeshaukata. "Mzee, hii ngapi?" Nikamwambia siuzi. Akaigeuza, akatafuta mkono wa pili, akaniambia kwa upole kwamba kwa hali ile nisingoje bei kubwa.

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wetu. Mtu wa kwetu atakusamehe wazimu wowote bora una bei. Kwenye mkutano wa ukoo niliwasimulia habari za akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kule Marekani, walioshona mifarishi kwa nguo za shamba zilizochakaa ili watoto wao wasilale na baridi. Mwaka 2002 ikatundikwa kwenye jumba la makumbusho Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapisha kwenye stempu. Nilikuwa nimefika kwenye uzuri wa rangi zake wakati shemeji yangu aliponikatiza.

"Walilipwa ngapi?"

Mfarishi wangu wa kwanza umekwisha, na unalala upande mmoja kama gari lililopigwa pancha. Nilitumia leso moja kuukuu ya mke wangu, kwa idhini yake, nadhani. Maandishi yakakatika katikati, kwa hiyo upande wa miguu unamwambia mgeni "Asante kwa" na haumalizii.

Niliuanika uani. Jirani akaja, akaushika, akataja elfu tatu. Nikamwambia ni wa kujifurahisha tu. Akasema elfu nne. Nikacheka. Akaondoka akiamini kwamba nina msimamo, na kufikia Jumapili, watu kanisani walikuwa wakiambiana kuwa mwalimu hashuki chini ya elfu sita. Juzi simu ikalia: mtu wa Juja ambaye sijawahi kumwona ametuma dipoziti kwa M-Pesa, mifarishi miwili, rangi yoyote, "na hayo maandishi ya miguuni usisahau." Nikamrudishia pesa. Jioni zikarudi, safari hii na ya kutolea.