Mwongozo wa Kununua GPS kwa Anayetaka Kwenda Porini na Kurudi

Ukiingia dukani kutafuta GPS ya safari za porini, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni kioo. Kikubwa, kinang'aa, kina ramani ya rangi rangi na sauti ya mwanamke anayeongea Kiingereza safi mpaka afike Ngorongoro, hapo ulimi unamkatika. Muuzaji atagusa kioo, ramani itazunguka, na mkono wako utaanza kwenda mfukoni wenyewe. Uzuie. Muulize kwanza: ramani iliyomo humu imetengenezwa na nani, na mara ya mwisho imesahihishwa lini? Akirudia kukusifia kioo, aga utoke.

Najua GPS ya namna hiyo uliiona kwa nani. Ni yule jirani mwenye Prado yenye hema juu ya paa, madumu mawili ya mafuta, taa nane za mbele na koleo ambalo halijawahi kugusa udongo, na safari yake ngumu kuliko zote ilikuwa harusi ya Bagamoyo, lami mwanzo mwisho. Muombee heri, lakini usimuige. Wewe unataka kwenda Katavi, au kuzunguka Ziwa Natron, au kutoka Marsabit kupitia jangwa la Chalbi mpaka Loiyangalani. Huko kifaa kinapimwa kwa mambo mengine kabisa.

Usahihi, kwa mfano, usikutishe. Setilaiti za GPS zinazunguka juu yetu kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kifaa chako kikinasa mawimbi ya nne tu kinaweza kukokotoa mahali ulipo. Hakihitaji bando wala mnara wa simu, kinasikiliza tu. Zamani Marekani ilikuwa inayavuruga makusudi mawimbi ya raia, ukawa unaweza kukosea kwa mita 100. Mei 2000 Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo ukome, na leo simu ya kawaida chini ya anga wazi inakosea kwa mita tano hivi. Siku hizi simu nyingi zinasikiliza pia setilaiti za Warusi, za Ulaya na za Wachina, jambo linalosaidia sana ukiwa chini ya miti mirefu ya Udzungwa au kwenye bonde lililobanwa na milima. Kwa hiyo anayekutoza nyongeza kwa sababu kifaa chake "kinaona zaidi" anakuuzia upepo wa Lushoto kwenye chupa.

Cha kulipia ni ramani. Kifaa kinajua ulipo, lakini hakijui umesimama juu ya nini. Nukta ya bluu itakaa vilevile iwe uko kwenye changarawe ngumu au katikati ya tope linalomeza ekseli. Anayejua tofauti hiyo ni mtu aliyepita, na ramani nzuri za porini zimetengenezwa na watu waliopita. Tracks4Africa, iliyoanzia Afrika Kusini, ilikua kwa wasafiri kukusanya njia walizorekodi kwenye GPS zao. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inakupa muda ambao safari huchukua kweli, ukitokana na magari yaliyokwisha kupita. Ukiwa unaamua kama utafika kambini kabla ya jua kuzama, taarifa hiyo ina thamani kuliko kioo cha inchi yoyote.

Nyingine ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuisahihisha. Unaipata bure kwenye programu kama OsmAnd na Organic Maps, na unaishusha yote kwenye simu kabla ya kuondoka. Hapa sina budi kusimama kidogo, maana wengi wanaitumia bila kujua kazi iliyoingia humo. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map Tanzania kwa sababu vijiji vingi vya mkoa wa Mara havikuwa kwenye ramani yoyote ya maana, na waliokuwa wakienda kuwaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji walikuwa wanapotea gizani wakitafuta kitongoji. Watu wa kujitolea wakachora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti, na wenyeji wenye simu wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati. Unapopita kule ukaona jina la kitongoji limetokea kwenye kioo chako, jua kuna mtu alitembea kwa miguu akaliweka. Ramani hiyo naiheshimu kuliko kifaa chochote kinachoibeba.

Lakini naujua na udhaifu wake, na ndio uliozamisha magari mengi. Anayechora kutoka picha ya setilaiti anaona mstari mweupe katikati ya vichaka. Hawezi kujua kama ni njia ya lori, ya bodaboda au ya ng'ombe wanaokwenda lamboni. Kifaa nacho kikikuta mstari kinauita barabara, kinapiga hesabu, kinakwambia kimekuokolea kilomita 14. Unakata kushoto kwa furaha. Njia inaanza pana, vichaka vinasogea, miiba inachora rangi ya gari pande zote mbili, na mwisho unafika kwenye korongo ambalo bodaboda huvuka kwa kusukumwa na watu wawili. Kugeuza gari hapo ni kazi ya saa nzima.

Ndiyo maana, ukishaiacha barabara kuu, zima kabisa ile huduma ya kifaa kukuchagulia njia. Acha ramani wazi na nukta yako ionekane, na njia uchague mwenyewe kwa macho na kwa maswali. Hasa msimu wa mvua. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Ndutu na wa tambarare za Katavi, ukikauka unapitika kwa gari dogo; ukilowa unajaza meno ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kabisa, na gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne linateleza kiubavu ubavu likitafuta mtaro. Chalbi nayo ni kitanda cha ziwa la kale: kiangazi unakimbia juu yake utakavyo, mvua ikinyesha inakuwa mtego. Kwenye ramani mstari haubadiliki, Agosti na Aprili ni ule ule.

Na ukisimama kuuliza, uliza swali lenye jibu. Madereva wengi wa mjini wanashusha kioo nusu, bila hata salamu, wanauliza, "Hii njia inafika?" Mwenyeji ni mtu wa adabu, hataki kukuvunja moyo, atasema inafika. Na kweli inafika, yeye huenda nayo kwa miguu. Zima injini, shuka, salimia. "Shikamoo mzee." Akishaitikia, ulizana habari za mvua na mifugo, kisha uliza: gari la mwisho kupita hapa lilipita lini, na lilikuwa gari gani? Akikwambia jana lilipita Land Cruiser la hifadhi, nenda. Akisema pikipiki zinapita kila siku, shukuru kwa moyo na ugeuze. Akikaa kimya akihesabu miezi, umeshajibiwa.

Sasa lipo jambo linalopuuzwa dukani na kuwatesa watu porini: namna ya kuandika mahali. Seronera, katikati ya Serengeti, iko takriban nyuzi 2 na dakika 27 kusini, nyuzi 34 na dakika 49 mashariki. Kwa desimali hiyo ni 2.45 kusini na 34.82 mashariki, maana dakika ziko 60 katika kila nyuzi. Mtu akikutumia zile dakika kwa meseji, nawe ukaziingiza kama desimali, yaani 2.27 na 34.49, umejipeleka karibu kilomita 40 kaskazini-magharibi ya hema lako. Ukisahau kuandika kusini, au alama ya kutoa mbele ya namba, unavuka ikweta na kujikuta si mbali na Moroto, Karamoja, nchini Uganda, na kifaa kitakupangia safari hiyo bila kushtuka. Kabla hujanunua, hakikisha unaweza kubadili namna hiyo ya kuandika kwa kugusa mara mbili tatu, na kwamba umeelewa kuifanya ukiwa umechoka. Kwa wanaopenda ramani za karatasi za serikali, zile za zamani za 1:50,000, kuna la ziada: za Kenya na Tanzania zimepimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS 84. Usipobadili mpangilio, nukta yako itakaa karibu mita 300 kutoka mahali pake. Kwenye tambarare si kitu. Kwenye kivuko cha mto ni kuzama au kuvuka.

Kuhusu chombo chenyewe sina mengi. Vumbi litaingia, kwa hiyo chagua kilichozibwa. Barabara itatikisa mpaka waya wa chaji ulegee kwenye tundu lake, kwa hiyo shika kifaa kwa kishikio cha skrubu na ubebe waya wa pili. Simu ikikaa kwenye dashibodi saa saba mchana itapata joto, itajipunguzia mwanga, kisha itajizima. Iweke karibu na tundu la kiyoyozi. Ushauri wangu ni huu: simu au tableti yenye ramani mbili tofauti zilizoshushwa, pamoja na GPS ndogo ya mkononi, kama zile za eTrex zinazotumia betri za AA, ambazo unaweza kuzipata hata kwenye duka la kijijini linalouza sabuni na viberiti. Hiyo ndogo iwashe asubuhi, irekodi njia siku nzima, usiiguse. Ukipotea, itakurudisha kwenye nyayo zako mwenyewe, na njia uliyokwisha kuipita leo ndiyo pekee uliyo na uhakika nayo.

Ukisafiri na gari moja peke yako, ongeza kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Garmin inReach inapitia setilaiti za Iridium, zinazofika hata pasipo na mnara, na ina kitufe cha kuomba msaada. Ina ada ya kulipia, nayo ilipwe kabla ya kuondoka. Wapo walioigundua ada hiyo wakiwa wamekaa juu ya chasi.

Halafu kijaribu kifaa chako cha GPS karibu na nyumbani. Zima data, ingia Kisarawe au milima ya Ngong, weka alama mahali ulipoegesha gari, tembea saa moja, rudi kwa kifaa tu. Ukifika kambini, weka alama ya hema kabla ya kwenda kutafuta kuni, si baada ya giza kuingia. Ndani ya hifadhi za taifa baki barabarani hata kama kifaa kinakuonyesha uwanda mtupu, maana kuacha njia ni marufuku, na alama ya tairi kwenye udongo laini hukaa miaka. Na ukimwona faru, usihifadhi mahali pale wala usirushe picha yenye namba za eneo. Majangili nao wanasoma ramani.

Ukirudi, fanya kazi ambayo wenzako waliifanya kwa ajili yako. Ndani ya OsmAnd ipo sehemu ya kutuma dokezo kwa OpenStreetMap. Daraja ulilokuta limechukuliwa na maji, liandike. Kisima kilichokauka, kiandike. Ile njia iliyokufikisha korongoni, eleza kwamba ni ya pikipiki. Weka na tarehe, na aina ya gari ulilokuwa nalo.