Mhadhara wa Bingwa wa Vifaa, Rubwera Senta

Mheshimiwa diwani uliyetuma mwakilishi, mwakilishi uliyetuma ujumbe wa udhuru, akina mama, vijana wa bodaboda, nanyi mlioingia humu kujikinga na mvua: karibuni kwenye elimu.

Mbele yenu amesimama mtaalamu pekee wa vifaa vya kielektroniki kati ya hapa na Murongo. Cheo hicho nimejitunuku mwenyewe, baada ya kujichunguza kwa kina na kuridhika na matokeo. Masomo yangu yalianza na redio ya marehemu babu. Betri zilipokufa niliziweka juani, zikafufuka, zikatusomea taarifa ya habari nzima pamoja na matangazo ya vifo. Wapo wenye shahada ambao hawajawahi kufufua chochote.

Mada ni faida na hasara za vifaa hivi. Naanza na historia, maana mtaalamu asiyeanza na historia ni fundi tu. Mwaka 1861, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe (wilaya tumeipata juzi, 2012), Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange kwa Mukama Rumanyika. Pamoja na ukarimu wote aliotendewa, akampima shemeji wa mfalme unene: mkono, kifua, paja. Mwaka 1863 vipimo vikachapwa kitabuni, Uingereza nzima ikasoma. Hapo ndipo shemeji wa watu aliporushwa hewani kwa mara ya kwanza bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022. Ilimchelewea yule mama kwa miaka 161 tangu apimwe. Na msiniambie kipimo cha Speke hakikuwa na betri. Mhadhara ni wangu.

Tuje kwenye saa. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa huko mpakani, simu ikashika mnara wa jirani, inaweza kukurudishia dakika sitini za maisha yako bila hata kukuuliza. Faida: mume aliyenyanyuka kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, saa nne usiku anaingia kwake saa tatu na nusu, ushahidi uko kwenye kioo. Hasara: simu ya mama watoto ilibaki Tanzania.

Fedha je? M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008. Kabla ya hapo kijana wa Dar es Salaam alimtumia mama yake hela kwa mkono wa msafiri, nayo ikapungua njiani. Siku hizi inafika kamili, kisha inapungua kwa wakala. Julai 2021 serikali nayo ikapanga foleni hapo hapo na tozo zake. Na nyuma ya wote amesimama yule bwana tusiyemjua: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wenye elimu ndogo hushangaa kwa nini watu wanatuma. Mimi nimefanya utafiti, nikiwa nimekaa. Wanatuma kwa sababu kila mtu hapa kuna mahali anadaiwa, ila hakumbuki vizuri ni wapi.

Taa ya umeme nayo ina makuu yake. Senene wa Novemba hufuata mwanga mkali. Mwenye taa kubwa na mabati anajaza magunia. Jirani mwenye kibatari anapata harufu ya kukaanga, tena bure. Nani aseme maendeleo hayawafikii wote?

Nimalizie na kahawa, nikiwaona baadhi yenu mnainamisha vichwa. Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mtandao, kupitia TMX, soko la bidhaa la taifa, na bei mkulima anaipata kiganjani. Lakini mnunuzi wa butura, yule anayenunua kahawa ingali ua mtini, naye ana simu, tena ya kioo kipana na bando la mwezi. Bei ya Uganda anaijua kabla wewe hujapata chaji. Na hata ukiijua, sare na madaftari vinatakiwa Januari, kahawa haivunwi mpaka Mei. Simu inakuonyesha sawasawa kiasi unachopunjwa. Zamani ulipunjwa gizani; sasa unapunjwa kwa takwimu.

Kwa hiyo, baada ya miaka mingi ya kutafakari, natangaza ugunduzi wangu: faida na hasara ni kitu kimoja, ila kimewekwa mezani. Anayekaa upande wa droo anaona faida. Anayesimama upande wa pili ndiye mteja. Vyuo vikuu wakitaka kuuchapisha, wanione.

Mtaniuliza mimi nakaa upande upi. Swali zuri sana. Kibanda changu kiko pale penye nyaya nyingi. Kuchaji kitochi shilingi mia tatu, simu janja mia tano. Majibu ya maswali mengine yatatolewa simu ikifika asilimia mia, na ikipotea kabla ya hapo, hiyo ni hasara, na hasara nimeshaifundisha.