Heko kwa Insha ya Mtihani

Ng'ombe wamesifiwa, majahazi yamesifiwa, na wapo waliomsifu gavana kabla hajafanya kazi hata moja. Karatasi 102/1 ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ile ya Insha ya Kiswahili, hakuna aliyeitungia hata ubeti. Utovu wa shukrani ulioje! Anayetaka shahada nchini Kenya huhitaji wastani wa C+ katika mtihani huo, Kiswahili ni somo la lazima, na kwa hivyo wasomi wetu wengi, kabla ya kuwa wasomi, walipita mikononi mwake.

Tazama ukarimu wake. Mtahiniwa hupewa saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili: ya lazima, ambayo aghalabu ni barua rasmi, ripoti, hotuba au kumbukumbu za mkutano ambao haukufanyika, na nyingine ya kujichagulia, ambako methali haikosi. Mwandishi wa riwaya huweza kukaa miaka akiutafuta mwisho wa kisa chake. Kijana wa miaka kumi na saba huupata papo hapo, pindi msimamizi anapotangaza kuwa zimebaki dakika tano.

Urefu nao una sheria yake. Mtahini hukadiria maneno ya mstari, akazidisha kwa mistari. Hadi 174 ni insha robo, 175 hadi 274 ni nusu, 275 hadi 374 ni robo tatu, kuanzia 375 ni insha kamili. Watunzi wamebishana tangu enzi juu ya kinachoukamilisha utungo. Kumbe ni neno la 375, hata likiwa "vilevile".

Tena insha hii humwondolea mtu adha ya kufikiri asubuhi. Mwanafunzi mwenye bidii huingia ukumbini na daftari zima la misemo kichwani. Ndani ya insha hakuna anayeamka. Watu hudamka, tena kabla ya jogoo. Moyo hudunda dududu, na kijasho chembamba humtiririka mhusika hata akiwa Limuru mwezi wa Julai. Aya hiyo ya kwanza hufaa ajali, harusi, ufisadi na faida za rununu, bila kubadilishwa nukta.

Ila kito chenyewe ni swali la methali. Andika kisa kitakachodhihirisha maana yake. Kudhihirisha, si kuhoji. Mtahiniwa aliyegundua kwamba asiyesikia la mkuu mara nyingine huponea, na msikivu ndiye anayevunjika guu, anajua pa kuyaweka maoni hayo mpaka afike chuo kikuu. Akipewa "Haraka haraka haina baraka" atamtumbukiza dereva wa matatu mtoni. Mdogo wake akipewa "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" atampokonya bwana harusi mchumba. Wahenga walipingana, insha ikawapatanisha, kila mmoja kwa mwaka wake. Na ile ya haraka huthibitishwa mbiombio, vidole vimekufa ganzi, jicho moja liko kwenye saa ya ukutani.

Gharama hulipwa na watu wa kubuni. Kila mwisho wa mwaka wazazi hufia barabarani, vijana wa mihadarati hujuta wakiwa mahututi, na Juma, yule Juma ambaye hajawahi kutii onyo katika insha yoyote, huvunjika tena guu lile lile. Sijui mwandishi wetu wa tamthilia aliyeua wengi namna hiyo. Mtahini huwapokea wote na kalamu yake nyekundu, na marehemu akikosea upatanisho wa kisarufi katika wosia wake wa mwisho, hupigiwa mstari.

Wanaodai kwamba ujuzi huu hauna kazi nje ya ukumbi hawajahudhuria mazishi. Mheshimiwa hupewa dakika tatu amzungumzie mtu ambaye hakumjua, naye huzijaza ishirini: itifaki, methali, onyo kwa vijana, methali nyingine. Au soma ripoti za kamati. Utangulizi upo, mapendekezo yapo, sahihi ya katibu ipo chini kushoto kama tulivyofundishwa, na aliyekwenda kuangalia daraja lenyewe hayupo. Hizo ni alama 20 kwa 20, zimevaa suti.

Sasa mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliouzaa mtihani huu, unafika ukingoni. Darasa lake la mwisho linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na wanaokuja nyuma tunaambiwa watapimwa umilisi, miradi ikiwemo. Maana yake, ikiwa ahadi itatimizwa, ni kwamba mtoto atapata muda wa kuuliza, kwenda kuona, kuandika, kufuta na kuandika tena. Mimi naogopa. Kijana wa namna hiyo anaweza kufika mwisho wa alilotaka kusema akiwa na maneno 200, akaweka kalamu chini, na pasiwe na mtu wa kumwambia kwamba hiyo ni insha nusu.