Alizeti Zilizotupa Kisogo

Ugomvi wetu na alizeti ulianzia kwenye chupa ya mafuta ya kula. Mwanangu mkubwa, wa darasa la tano, alinisikia nikilalamikia bei, akasoma maandishi ya kwenye chupa, kisha akatoa hukumu: "Baba, haya yanatoka Singida. Kwani huku kwetu hakuna udongo?" Mdogo wake wa darasa la kwanza akadakia kwamba akipewa jembe, yeye yuko tayari. Mama yao alinitazama bila kusema neno. Jumamosi nikanunua pakiti ya mbegu.

Tunakaa Bukoba mjini, na nyuma ya nyumba tuna kibanja kidogo: migomba, mibuni michache, maharage chini yake. Tulipanda Septemba, mvua za vuli zilipoanza, kwa nidhamu ya kijeshi. Kina sentimita 3 hadi 5, sentimita 30 toka shimo hadi shimo, 75 kati ya mistari, mbegu mbili kila shimo. Siku ya tatu mdogo alifukua shimo moja aone kama mbegu "imeamka". Siku ya nne akafukua mawili.

Zilizonusurika zilichomoza siku ya nane, kila mche umebeba ganda la mbegu yake kichwani kama kofia. Hapo ndipo ulipotokea msiba wa kwanza. Watoto waliona miche inateseka, wakaihurumia. Niliporudi jioni niliwakuta wamezivua kofia zote, na majani mawili ya kwanza yametoka humo humo, maana ganda kavu hung'ang'ania jani. Mche ukiachwa hulivua wenyewe. Yetu ilibaki vijiti kumi na moja vilivyosimama kama njiti za kiberiti.

Tukapanda upya. Safari hii kugusa kofia kulipigwa marufuku. Miche ilipotoa majani manne, nikaeleza kwamba kila shimo libaki na mmoja. Mdogo akachuchumaa. "Kwenye shimo hili, kaka ni yupi?" Nikajibu bila kufikiri kwamba ni mapacha. Basi ikawa hakung'olewa hata mmoja.

Kufikia mwisho wa Oktoba tulikuwa na alizeti ndefu, nyembamba kama fito, zote zimelalia ua wa jirani, ambako migomba ilikuwa imekatwa na jua linafika chini. Jirani akanishukuru kwa kumpandia maua. Yaliyosalia yalimalizwa na senene. Novemba usiku mmoja walitua mtaani kwa wingi, taa zikawashwa, na watoto wa majirani wakapita kwenye kibanja na ndoo zao, wangu wakiwa mbele. Asubuhi hapakuwa na alizeti iliyosimama. Hakuna aliyelia, kwa sababu senene wa kukaanga walikuwa mezani.

Krismasi tulikwenda Muleba kwa mama yangu, nikamsimulia. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, kibanja ni cha mgomba na mbuni. Wazee walikipanga kiwe kivuli. Wewe umechukua mmea unaoishi kwa jua ukauficha chini ya mgomba, halafu unashangaa umekimbilia kwa jirani?" Akanyoosha mkono kuelekea mashariki, mahali kibanja chake kinapokoma na rweya kuanza, ule uwanda wa nyasi usio na mti ambako wanawake wa rika lake wamelima njugumawe miaka yote. "Leteni mbegu Machi."

Machi tukapanda rweya. Wakati wa kupunguza miche, Bibi alipita mstarini aking'oa bila kuuliza nani kaka wala nani pacha. Likizo ya Pasaka watoto walikesha kazini: asubuhi ncha changa zimeelekea ziwani, jioni zimegeukia nyumbani, alfajiri zimerudi ziwani. Nikawaeleza kwamba mchana upande wa mashariki wa shina hurefuka zaidi, ukakisukuma kichwa magharibi, na usiku upande wa pili hulipiza. Mdogo akasema kumbe alizeti inanyoosha shingo.

Juni mapema Bibi akapiga simu kwamba maua yamechanua. Tulipanda basi Jumamosi asubuhi, watoto wamevaa nguo za Sikukuu kwa ajili ya picha. Tukasimama uani kwa Bibi, tukatazama. Mbele yetu palikuwa na visogo vitupu. Migongo ya kijani, mistari minne, kama wanafunzi waliogeukia ukuta.

"Umetutoa Bukoba," akasema mama watoto, "tuje tupige picha na migongo?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Alizeti changa hufuata jua, lakini ua likishakomaa shina hukaza, na ua hubaki limeelekea mashariki. Hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulipendelea. Nyumba ya mama iko magharibi mwa shamba. Maua yalikuwa yanatazama Ziwa Victoria, sisi hayana habari nasi. Bibi peke yake hakushangaa. Kigoda chake alikuwa amekwishakihamishia upande wa pili wa shamba. Tukamfuata.

Julai migongo iligeuka manjano, kisha kahawia. Chiriku walifika kabla yetu, kwa hiyo vichwa vilivyobaki vilivishwa soksi za shule, na kimoja shati langu ambalo bado nilikuwa nalivaa. Tulipopura, tulipata mbegu za kujaza sufuria ya wali. Mkubwa akauliza mashine ya kukamua iko wapi. Bibi akaweka kikaango motoni, akanyunyiza chumvi, na safari ya kurudi Bukoba tulitema maganda njia nzima.

Mwenye watoto na mbegu asipande kivulini, asivue kofia, na akae mashariki mwa shamba. Kopo moja tumelibakiza kwa ajili ya Septemba. Mafuta bado tunanunua dukani.